Ukuta wa Udongo wa Chungu

Wakati ule vita ilifunga barabara ya Beni, na Butembo nzima ikakosa simenti. Mimi sikuhuzunika. Kichwani mwangu nyumba ilishasimama zamani, na maua mlangoni. Ilibaki kuijenga tu! Shida ni kwamba shangazi wa mchumba wangu alikuwa anakuja kutoka Musienene kuangalia mahali binti yao atalala. Bila nyumba, hapana ndoa.

Miti ya mkaratusi nilisimamisha, matete nikafunga. Kwetu watu wanakandika kwa udongo mwekundu wa kiwanjani, uliokanyagwa pamoja na majani makavu. Mimi nikaona huo ni wa watu wasiojua kupenda. Nikashuka bondeni, kwenye shimo la akina mama wafinyanzi, kuchimba ule mweusi, laini kama siagi. Udongo unaoshika maji ndani ya chungu, utashindwa na ukuta?

“Kijana, unaenda kufinyanga nini?” mama mmoja aliniuliza.

“Nyumba, mama.”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Na hiyo nyumba utaipika mu moto gani?”

Nikafikiri ananichokoza tu.

Nikaukandika hivyo hivyo, bila majani, na siku tatu ukuta uling’aa. Nilikuwa naupapasa kama shavu la mtoto. Siku ya nne jua likawaka, ukapasuka kila upande. Shangazi alipofika na mchumba wangu, kipande kizima kikaanguka mbele ya miguu ya shangazi: pu!

“Nani alikufundisha hii kazi?”

“Mimi mwenyewe, shangazi.”

“Inaonekana.”

Mchumba wangu aliuma ncha ya kitenge chake ili asicheke. Mimi machozi yalikuwa karibu.

“Nilitaka ikuwe nyumba muzuri kupita zote,” nikasema. “Juu yake, kwa kumpenda.”

Shangazi aliingiza kidole kwenye ufa. Halafu akavua viatu, akakunja kitenge mpaka magotini.

“Udongo ya chungu inanywa maji mingi. Ikikauka, inajikunja. Ya ukuta inaomba majani ya kuishikilia. Donc basi, bomoa yote! Lete jembe, lete majani. Mais lakini mbio, mukwe, mvua hapana kungojea mutu.”

Nilibaki nimesimama. Mukwe?

Mchumba wangu akanisukuma, nikatumbukia matopeni.

“Hausikie? Kanyaga!”