Jogoo wa Daraja la Wambuji

"Euro elfu mbili za mahari ni nyingi, mtani," Eliamani aliniambia Jumamosi, sebuleni kwangu hapa Etterbeek, Ubelgiji, mwanawe anayemposa binti yangu kainamia chai kwa aibu.

"Sitaki hata senti," nikamjibu. "Nataka jogoo wangu."

Akacheka mpaka akakohoa. Alijua ni jogoo yupi.

Utotoni mwangu, kule milimani Upare, barabara yetu ilipita Daraja la Wambuji, ukoo wa huyu Eliamani. Tuliambiwa ukifika pale useme, "Hodi, Wambuji," la sivyo mto utachukua ulichobeba, na kitakachookotwa ni mali yao. Watu wazima na akili zao walipiga hodi. Mwalimu mkuu alishuka kwenye baiskeli akapiga hodi.

Siku moja nikiongozana na bibi yangu, mimi nilikataa. Hasira zangu hazikuanzia Ubelgiji. "Daraja halina mlango, bibi. Hodi ya nini?"

"Sema tu, mama," bibi akanibembeleza. "Unapungukiwa nini?"

Nikapita kimya, jogoo wangu mwekundu kwapani. Nilikuwa nampeleka kwa shangazi nikamfiche, asichinjwe Krismasi. Katikati ya daraja akanipiga mbawa usoni, huyoo, majini. Eliamani, mtoto kama mimi, alikuwa chini anachota maji. Akamdaka, akamwinua juu.

"Hukupiga hodi. Huyu wetu."

Bibi alicheka hadi akakaa barabarani. Mimi nililia njia nzima.

Leo najua kosa: sikumfunga miguu. Lakini baadaye bibi alinieleza kwamba babu zao ndio waliolaza magogo ya kwanza pale, kabla ya zege, hivyo kuvuka ni kupita uani kwa watu. Angeniambia hivyo mapema, ningepiga hodi mara mbili. Siku hizi nikivuka daraja la mfereji wa hapa mjini kwenda mtaa wa Laeken napiga hodi kimoyomoyo, na mwenyewe simjui.

"Mlimla?" nilimuuliza Jumamosi. Swali hilo nililibeba miaka yote.

"Tumle? Mama alisema aliyeletwa na mto hachinjwi. Alizeeka kwetu, mtani. Aliwika mpaka tukamchoka."

Nikageuka dirishani nisionekane. Kumbe kile nilichokuwa nakimbilia kwa shangazi, daraja lilikuwa limeshanipa.

Basi, mtani, binti mchukueni, mahari nimesamehe. Ila jogoo ni wangu, na alizaa kwenu. Nataka jogoo mwekundu, mzima, pamoja na vifaranga. Kabla ya harusi.