Nani Azime Injini Kwanza

Nahodha huyu walimwita Kiherehere, na jina halikumwonea. Miaka yote ya kuvua kaa alitaka kuwa wa kwanza kutoka bandarini, na mtu pekee aliyemnyima usingizi ni jirani yake wa gatini, nahodha aliyeitwa Jogoo.

Zamani haraka ile ilikuwa na sababu. Kiasi cha kaa wa kuvuliwa kilikuwa kimoja, cha kugombaniwa na boti zote. Kikitimia, msimu umefungwa, na aliyechelewa shauri yake. Basi watu walitoka hata bahari ikiwa imechafuka, mitego ya chuma imerundikwa kupita paa la chumba cha usukani. Na kwa kuwa wote walirudi siku zilezile, wanunuzi walijipangia bei waitakayo. Mwaka mmoja wimbi lilimzoa shemeji yake Kiherehere, mdogo wa mkewe, kutoka sitahani. Walimvuta kwa kulabu ya mitego, hajitambui.

Siku hizi kila boti ina mgawo wake. Kaa wako ni wako, uwafuate leo au wiki ijayo. Kiherehere aliisifu sheria hiyo kwa kila aliyekubali kumsikiliza. Lakini asubuhi ya kufungua msimu, upepo unavuma hadi kamba za gatini zinalia, yeye huyo kwenye usukani, injini inanguruma. Kisa? Ya Jogoo nayo ilikuwa inanguruma.

Mabaharia wa boti zote mbili walikaa wakitazamana, mvua inawapiga, dizeli inateketea bure. Mke wa Kiherehere alikuja na mwavuli uliopinduliwa na upepo, akamwambia akitaka kwenda aende, ila kwanza amrudishie mdogo wake. Shemeji mwenyewe alikuwa sitahani, miongoni mwa mabaharia. Alikuwa anafunga koti la kuokolea, na vidole vinatetemeka hata havipati vifungo. Kiherehere aliviona. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akapiga moyo konde, akazima.

Hata mkono haujatoka kwenye swichi, ya Jogoo nayo ikazimika. Jogoo akaruka gatini, ameloa chapachapa, anacheka huku ameshika mbavu.

"Nilidhani leo huzimi," alisema. "Ndugu yangu, miaka yote ile mimi nilikuwa natoka kwa sababu wewe unatoka."

"Na mimi nilikuwa natoka ili usinitangulie," akajibu Kiherehere. "Roho ikiwa mkononi."

Wakacheka mpaka wakaegemeana, wazee wazima na ndevu zao. Furaha ilimjaa Kiherehere hadi akataka kumnunulia kila mtu chai.

Shemeji akashuka, koti la kuokolea keshalivua.

"Shemeji," alisema taratibu, "na sisi tulikuwa tunawafuata tukidhani mnajua mnachofanya."

Kicheko kikamkatika Kiherehere. Akamvuta shemeji yake kifuani mbele ya gati nzima, wala hakumwachia upesi.