Maonyo Niliyoyazima

Bosi wangu alichukia kuambiwa amekosea, hata na kompyuta. Tulikuwa na chumba kimoja cha ofisi mtaa wa Kwa Mrombo, tukiandika kwa C, lugha ya kompyuta, programu ya mizani ya maziwa, na wiki nzima kompaila, programu inayokagua na kutafsiri tulichoandika, ilinitolea onyo lile lile: jina la mfugaji linalonakiliwa ni refu kuliko nafasi yake, litakatwa. Nafasi hiyo aliipima yeye. Alihesabu herufi za majina yake mawili mafupi, akaongeza chache, akaona ametosheleza dunia nzima.

"Hayo ni maonyo tu," alifoka. "Yazime. Kesho tunakwenda Kikwe kwa wafugaji."

Kuipanua ile nafasi ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Sikuipanua. Niliyazima maonyo kwa hasira, nikijiambia acha aumbuke mbele za watu.

Kijijini Kikwe, mzee wa kwanza alipimiwa maziwa, akapewa risiti. Aliisoma polepole. Jina lake lilikuwepo, la baba yake lilikuwepo, la babu yake halikuwepo.

"Babu yangu mmempeleka wapi?" aliuliza.

Bosi alicheka, akasema mzee asijali, mashine haina akili.

Hapo uvumilivu ulinishinda. "Mzee wangu, mashine inasingiziwa," nilisema kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Wiki nzima kompyuta imekuwa ikituonya kwamba majina yatakatwa."

Nilimtazama bosi, nikisubiri uso umshuke. Mzee hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Ilikuwa inamwonya nani?"