Maji ya Chumvi Hayamwagwi

Asubuhi, kabla akina mama hawajafika na watoto wao, Philomène huvua kandambili mlangoni mwa chumba cha kungojea cha zahanati, huchuchumaa mbele ya tangi la kioo na kuwasalimu samaki.

"Mumeamuka?"

Samaki wenyewe ni wawili, rangi ya chungwa, wamezungushiwa mistari myeupe kama bandeji. Yule mkubwa huja kiooni kumtazama. Mdogo hubaki nyuma, kati ya mawe, mpaka aone chakula.

Philomène ni mdogo wake mama yangu. Mtaani kwake Alunguli, ng'ambo ya mto, siku hizi wanamwita Mama Samaki, na wengine hulitamka jina hilo huku wakitikisa kichwa. Watu wa mji wetu wa Kindu wanajua samaki wa mto Lualaba: wa kukausha, wa kuchemsha, wa kufunga katika majani. Samaki wa kutazamwa, tena anayeishi katika maji ya chumvi, hawajawahi kumsikia.

Tangi lililetwa na mhandisi Ilunga, mume wa Docta Joëlle mwenye zahanati hiyo ya watoto. Ilunga alikuwa amefanya kazi Moanda, kwenye bahari, na aliporudi hakuweza kuisahau. Vioo vilikuja kwa ndege, na nyuma yake ikaja mifuko ya chumvi ya kuchanganya na maji ya mvua. Docta alilalamika, kisha akakubali kwa sababu moja: mtoto anayetazama samaki husahau sindano.

Kabla ya kurudi kazini Kinshasa, Ilunga alimwonyesha Philomène, ambaye hadi siku hiyo alikuwa mfagizi, jinsi maji yanavyosafishwa. Hushuka kwa bomba hadi kwenye sanduku lililo chini ya tangi. Humo hupita katika mfuko mweupe wa kitambaa kizito, halafu katika sifongo, ndipo pampu inayapandisha tena juu. Mfuko hukamata mavi ya samaki na mabaki ya chakula.

"Mama Philo, mufuko ukichafuka, unautoa, unausafisha, unaurudisha. Usiache uchafu uoze mule."

"Basi ile njo kuchuja tu?" Philomène aliuliza. "Ile kazi ninaijua tangu utoto."

Hakuwa akijisifu. Katika miaka ya vita, mji ulipozingirwa, treni ilikoma kuja na mto ukafungwa. Kitu cha kwanza kuisha sokoni kilikuwa chumvi. Philomène alikuwa msichana mdogo, akiishi na bibi yake, Zawadi. Mihogo iliweza kupatikana kwa kuhatarisha maisha kidogo, na majani yalikuwepo, lakini chakula kisicho na chumvi kiligeuka kuwa adhabu. Watu walikula wakiwa wamefumba macho. Watoto walilia wakiona sahani.

Bibi Zawadi akakumbuka kazi ya mama zake. Walikwenda kwenye kinamasi kukata majani, wakayaanika, wakayachoma. Majivu yaliwekwa ndani ya chungu kilichotobolewa chini, juu ya kitambaa, kisha maji yakamiminwa polepole. Yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai. Waliyaacha yatulie, wakamwaga ya juu katika sufuria, wakayachemsha mpaka pakabaki unga wa kijivu, mchungu kidogo, lakini ni chumvi. Kijiko kimoja kiliweza kubadilishwa kwa kuku mzima.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria, na Bibi alizisimamia kwa mwiko wa ugali. Kitambaa cha kuchujia hakioshwi, kwa sababu kimekunywa chumvi. Kinakamuliwa mpaka tone la mwisho. Na maji ya chumvi hayamwagwi chini. Siku Philomène alipojikwaa na kumwaga bakuli, Bibi hakumpiga. Alipiga magoti, akakwangua udongo uliolowa, akauweka kwenye chungu na kuuchuja upya. Philomène anasema ingekuwa afadhali angepigwa.

Basi alipokabidhiwa mfuko wa Ilunga, mikono yake ilifanya ilichokijua. Aliutoa, akaukamua juu ya ndoo mpaka ukakauka. Akayaacha maji ya ndoo yatulie, tope likazama, na yale ya juu yaliyoonekana safi akayarudisha kwenye sanduku. Mfuko wenyewe aliukung'uta tu, akaurudisha mahali pake. Hakuna hata tone lililopotea, na kila alipomaliza alijisikia amefanya kazi ya heshima.

Mambo yaliharibika taratibu. Kwanza maji yalipoteza ung'avu. Kisha utelezi wa kahawia ukatambaa juu ya mawe. Halafu samaki mdogo akaacha kula, akawa anapanda juu na kufungua mdomo kama mtu aliyepanda kilima.

Donatien, muuguzi, hakukosa la kusema. "Mama Philo, huyu amechoka na maisha. Nilete ndizi za makemba, tumukaange nazo?"

"Ukaange ulimi yako," Philomène alimjibu. "Njo yenye iko mafuta mingi."

Lakini moyoni alikuwa na hofu. Aliongeza bidii: akaukamua mfuko kila siku badala ya kungoja uchafuke. Maji yakazidi kuwa mabaya.

Docta Joëlle alisimama mbele ya tangi siku moja baada ya wagonjwa kuondoka, mikono kiunoni. "Mama Philo, nitakuambia ukweli. Siwezi kuweka samaki wenye kufa mbele ya watoto wagonjwa. Hawa wawili wakikufa, sileti wengine. Vioo tutatia kwa ile dirisha yenye iko na mbao."

Philomène aliitikia tu, "Ndiyo, Docta." Usiku huo hakumwambia mtu. Mimi nilijua baadaye kwamba alikuwa ameshaanza kufikiri atakavyorudia ufagio, na kwamba ufagio haukumsumbua. Kilichomsumbua ni ule mdomo mdogo unaofunguka na kufungika.

Asubuhi Docta alifika mapema, akamkuta ameinama juu ya ndoo. Alimwona akikamua. Alimwona akingoja. Alipomwona ameinua ndoo kuelekea kwenye sanduku, alipiga kelele.

"Weye! Unafanya nini? Unarudisha uchafu mu maji?"

"Hapana, Docta! Uchafu umelala chini. Hii ya juu iko safi."

"Safi? Nusa!"

Philomène alinusa. Ilikuwa harufu ya kidimbwi. Hata hivyo aliikumbatia ndoo kifuani.

"Lakini hii njo chumvi, Docta."

"Chumvi iko mingi mu mifuko!"

"Chumvi haimwagwi."

Alilisema kwa sauti ambayo Docta hakuwahi kuisikia kwake. Docta Joëlle alizaliwa Lubumbashi. Wakati wa vita alikuwa huko, shuleni. Alivuta kiti kidogo cha watoto, akakaa, magoti yakiwa karibu na kidevu.

"Nani alikuambia haimwagwi?"

Philomène akamsimulia, ndoo ikiwa bado mikononi: kinamasi, majivu, udongo uliokwanguliwa. Alipomaliza, Docta alisema taratibu, "Bibi yako alikuwa na haki. Ile majivu ilikuwa inatoa kitu cha kula. Hii mufuko inatoa mavi, Mama Philo. Mavi inayeyuka kama vile chumvi inayeyuka. Huioni, lakini iko mu ile maji ya juu. Unaikamata kwa mulango, halafu unaiingiza kwa dirisha."

Philomène aliitazama ndoo. Aliyaelewa maneno, hakukuwa na neno gumu ndani yake. Lakini alipofika uani, mikono ilikataa. Alisimama kando ya mfereji, ndoo imeinama, maji yamefika ukingoni, na hayakumwagika. Docta alisimama naye. Donatien alitokea mlangoni, akaona uso wa Philomène, akarudi ndani.

"Bibi, unisamehe," Philomène alisema, akamwaga.

Kisha akalia, kwa aibu ya kulilia maji machafu, huku akiosha mfuko. Aliugeuza ndani nje, akaupiga kwa maji safi mara kwa mara mpaka yakatoka meupe, akauanika juani ukakauka kabisa. Docta alitoa mfuko wa pili kabatini, ili mmoja uwe kazini wakati mwingine unakauka. Sifongo waliiosha vilevile. Donatien aliingiza mikono, akasugua mawe bila mzaha. Waliteka sehemu ya maji ya tangi wakayamwaga, wakachanganya mapya, na wakarudia hivyo katika siku zilizofuata, kidogo kidogo, wasiwashtue samaki.

Samaki mdogo alilala ubavu juu ya mchanga. Akina mama waliokuja waliwageuza watoto upande mwingine. Philomène alibadilisha mfuko, akaosha, akaanika, akamwaga. Kila mara mkono ulisita, lakini kila mara kidogo kuliko mara iliyotangulia. Maji yakaanza kung'aa kutoka chini kwenda juu.

Siku moja alipodondosha chakula, mkubwa alikimbilia kama kawaida. Nyuma ya jiwe kitu kikatikisika. Samaki mdogo alitoka akiyumba, akachukua punje moja, akaitema, akaichukua tena, akaimeza.

"Docta! Amekula! Njoo uone, amekula!"

Docta alitoka chumba cha matibabu na sindano mkononi, mtoto akimfuata kwa furaha ya kuachwa kidogo. Wakasimama wote mbele ya kioo. Samaki akala punje ya pili.

Docta alimpigia simu mumewe. "Dirisha itabakia na mbao yake," alimwambia. "Tutumie chumvi ingine."

Philomène alinyosha mkono, akaiomba simu.

"Bwana Ilunga? Aksanti, wako wazima. Ile chumvi, utume mingi, sababu sasa ninamwaga." Akasikiliza, akacheka. "Na tena, kule Moanda, hakuna samaki wa buluu?"