Mkomamanga wa Kwenye Debe

Kabatini kwangu mna sahani ya kaure, nyeupe na buluu, yenye matundu matatu katikati. Mke wangu alikuja nayo alipoolewa, na matundu niliyatoboa mimi kwa msumari, polepole, siku nzima, ili isipasuke. Nilikuwa karani kijana mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nimemaliza sekondari. Nikidhani kila kilichopigwa chapa ni kweli, na wanayosema wanawake wazee ni maneno ya kupitishia jioni.

Tulipanga vyumba viwili ghorofani, Mji Mkongwe, juu ya uchochoro mwembamba. Humo ndimo alimozaliwa mtoto wetu wa kwanza, msichana. Kitovu chake kilipodondoka, mama mkwe alikuja kutoka Kidichi. Kwetu kitovu huzikwa chini ya mnazi, na mnazi huo huwa wa mtoto. Sisi hatukuwa na ardhi hata ya kuzikia paka, naye alitaka mti wa mtoto ukae kwa wazazi wake. Basi alituletea mche wa mkomamanga wenye shina nene kama kidole gumba, akaupanda katika debe la mafuta ya taa na kukizika kitovu humo kwa bismillahi.

"Mkijaaliwa kiwanja mtauhamisha na udongo wake wote," alisema. "Usimwagwe."

Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyelishika debe lisiyumbe.

Mtoto hakufika arubaini. Picha yake haikuwahi kupigwa, na nguo zake zilikwenda kwa mtoto mwengine wa ukoo. Kilichobaki kwetu ni debe lile, pale roshani, mahali pekee penye jua la kutosha. Mke wangu alilimwagilia kata moja ya maji kila asubuhi, kisha akakaa nalo kidogo, midomo ikimcheza. Sikuwahi kumuuliza anasema nini.

Mimi huzuni yangu niliipeleka maktaba. Huko, katika jarida la zamani, niliona picha ya mti wa Kijapani ulioishi miaka mingi ndani ya chombo kifupi kama sinia, shina limepinda kama mzee, urefu hauzidi mkono. Wenyewe wanauita bonsai. Nilinakili maelezo yote katika daftari: namna ya kukata mzizi mkuu, kuyapinda matawi kwa waya, kudokoa majani. Leo najua nilichokipenda. Ulikuwa mti usiokua na usiokufa, na unamtii mwenyewe.

Nilianza na miche ya mikwaju niliyoiokota kandokando ya njia. Wa kwanza niliuweka ndani, karibu na kitanda, ukageuka manjano kwa kukosa jua. Wa pili niliupanda katika bakuli lisilo na tundu, nikaumwagilia mpaka mizizi ikaoza na chumba kikanuka. Wa tatu niliuvunja nikiupinda.

Chini ya nyumba yetu palikuwa na fundi cherahani, mtu wa maneno. Aliponiona nateremka na maiti ya tatu alisimamisha cherahani yake.

"Bwana karani, mtu hupanda mti apate kivuli. Huo wako atalala nani chini yake, sisimizi mwenye homa?"

Mke wangu alicheka alipohadithiwa. Kicheko hicho nakikumbuka kwa sababu hakikuwa na wenzake wengi mwaka ule.

Jarida lilisema asiyejua kazi aanze na mti ulioshiba shina. Nyumbani ulikuwapo mmoja tu. Nililitazama debe siku nyingi, na sitaki kusema nilisahau mlikuwa na nini. Sikusahau. Nilijiambia kwamba kitovu kimekwishaoza, na udongo ni udongo.

Kisha mama mkwe akapatwa na homa, na mke wangu akaenda kumuuguza.

"Kata moja tu," aliniambia mlangoni. "Usizidishe, wewe na maji yako."

"Haya. Msalimie mama."

Ijumaa, baada ya sala, nililipindua debe. Nilikung'uta mizizi mpaka ikabaki mitupu, nikakata mzizi mkuu, nikaupanda mti katika sahani ile niliyoitoboa, kwa mchanga na changarawe, nikauzungushia waya wa shaba. Udongo niliutia katika pakacha na kuuteremsha uchochoroni, wanapopita wazoa taka. Kisha nikamwita fundi apande aje kuona.

Hakufanya mzaha. Alilitazama debe tupu, halafu mimi.

"Mwenyewe anajua?"

"Nnataka kumfurahisha."

Alishuka bila kuaga.

Mke wangu aliporudi majani yalikuwa yameanza kupukutika. Hakuutazama mti.

"Udongo uko wapi?"

"Mti upo. Ngoja ushike, utaona..."

"Sikukuuliza mti."

"Nimeutupa."

"Wapi?"

Nilimwonesha kwa kidole, kutoka roshani. Pakacha lilikwishachukuliwa. Alichukua ufagio na kizoleo, akateremka na buibui lake la safari, akainama kwenye pembe ya ukuta akafagia. Fundi alinyanyuka kumsaidia. Alipanda na konzi moja ya vumbi lenye miba ya samaki na vipande vya nyuzi za cherahani, akaitia debeni.

"Yule hakuwa na kitu chengine," alisema.

Aliukwanyua waya kwa kucha, kidogo kidogo, akaurudisha mkomamanga katika konzi ile ya takataka akaongeza mchanga. Sahani aliiosha akairudisha kabatini na wenziwe. Masika yalipokwisha mti ulikuwa mkavu. Aliendelea kuumwagilia kata moja kila asubuhi, miezi, nami sikuthubutu kumwambia kwamba ni kijiti.

Hakuniacha. Tulijaaliwa watoto wengine wanne. Kila kitovu kilipodondoka alikifunga katika kitambaa, akakipeleka shambani kwa mama yake, Kidichi, peke yake. Mara ya kwanza nilisema nitamsindikiza. "Wewe una kazi," alinijibu, kwa upole. Sikusema tena.

Mwaka jana tulimzika. Baada ya hitima watoto walikaa nami, watu wazima wenye wajukuu, wakaniuliza minazi yao ni ipi, kwani shamba linataka kugawanywa. Niliwaambia sijui. Walitazamana, mmoja akanipigapiga bega. Walidhani uzee umenichukulia kumbukumbu, na mimi nikawaacha wadhani hivyo.

Sikusahau, wanangu. Sikuambiwa. Na sababu ya kutoambiwa ndiyo hii niliyoiandika.