Jicho la mwanangu nimelitoa mimi, na aliyewekwa ndani ni mwengine

Assalaam alaykum, wasomaji wa ukurasa huu. Nashukuru kwamba jina langu limefichwa, na majina ya wenzangu nimeyageuza mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mjane, nakaa upande wa Vitongoji, hapa Pemba, nalima muhogo na mpunga. Mwanangu ni mmoja tu, Khamis, ana miaka ishirini na moja. Kasoma skuli mjini Chake, na sasa ni karani katika duka la Mhindi pale Tibirinzi. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, yeye, na bibi yangu mzaa mama, Bi Tausi.

Bibi aliletwa kutoka Bara angali mtoto, akatiwa katika shamba la karafuu. Waliokuja vile wakiitwa wajinga, maana hawakuijua lugha wala dini ya hapa. Mama yangu akazaliwa pale pale shambani, akaitwa mzalia, na kwa jina hilo akajiona bora kuliko aliyemzaa. Utumwa ulipoondoshwa alikuwa msichana. Kitu cha kwanza alichokitaka ni buibui, vazi la waungwana, na cha pili ni Bibi asiimbe tena nyimbo za kwao mbele za watu. Mimi nilipozaliwa watu hawakunipa jina lolote la namna hiyo, walinong'ona tu, nami nilipokua nikaona bora ninyamaze. Khamis nikamlea akijua kwamba Bi Tausi ni mtu wa Pemba tangu mababu zake. Bibi alinisikia nikisema uongo ule, hakunipinga. Alimwita "kitukuu changu", na hilo likamtosha.

Mwaka huu Khamis alimtaka binti wa jirani yetu, Mzee Nassor. Nikapeleka posa kwa mkono wa imamu wetu. Ikarudi bila ya maelezo. Siku moja ya mapumziko, baada ya alasiri, Khamis alikuwa anarudi kutoka kunikatia kuni, panga mkononi. Akamkuta Mzee Nassor barazani kwake na watu wamemzunguka. Akamsalimia, akamwuliza, "Mzee, mie nina kasoro gani?"

"Weye si kufu ya mwanangu."

"Kwa nini? Mie Mpemba, nimesoma, nasali."

"Mpemba wa wapi, yakhe? Mkubwa wenu mjinga, kaletwa kafungwa kamba. Bibi yako mzalia. Mama yako kakuficha tu. Weye kitukuu cha mtumwa, na kwetu hesabu hiyo haifutiki."

Baraza zima likacheka. Khamis akampiga panga. Mzee Nassor aliinua mkono kujikinga, vidole viwili vikaanguka chini. Panga la pili likamchana bega mpaka mfupa. Mdogo wake Mzee Nassor, Mbarouk, akachukua bakora akamfukuza Khamis mpaka kwetu.

Mimi nilikuwa uani natwanga mpunga. Bibi kakaa mkekani anasuka ukili. Khamis akaingia anahema, shati limerowa damu. Hakunitazama hata kidogo. "Bibi, weye u nani?"

Bibi akaweka ukili chini. "Mie niliibwa, baba, nikauzwa. Mama yako hakutaka ujue."

"Sema si kweli!"

"Ni kweli. Aone haya aliyeninunua."

Akampiga usoni kwa ubapa wa panga. Nilisikia taya likivunjika. Bibi akaanguka ubavu, damu na meno vinamtoka. Khamis akainua tena mkono, na safari hii makali ndiyo yaliyotazama chini. Mchi ulikuwa mkononi mwangu. Nikampiga nao usoni, akaliangusha panga. Hapo ningeacha. Sikuacha. Nilimpiga mara ya pili kwa hasira tu, na pigo hilo ndilo lililompasua jicho la kushoto.

Mbarouk alipoingia alikuta watu wawili wako chini. Akaitupa bakora, akapiga magoti, akakiinua kichwa cha Bibi ili asipaliwe na damu. Waliokuja nyuma yake wakamkuta hivyo, mikono imejaa damu. Polisi wakamchukua yeye, nami nikawaacha wamchukue.

Khamis yuko hospitali Chake, analindwa na askari. Kaandikisha kwamba aliyemtoa jicho ni Mbarouk. Nilipokwenda kumtazama akaninong'oneza, "Mama, nyamaza. Wao walituhesabia vizazi, nasi tuwahesabie miaka ya jela."

"Na bibi yako?"

"Yule si bibi yangu. Ukisimama mbele ya hakimu, watu wote watajua mie ni nani, na toka siku hiyo sina mama."

Juzi mke wa Mbarouk kaja na watoto wake. Akanishika miguu. "Bi mkubwa, weye ulikuwepo. Sema ulichokiona." Nilimpa maji ya kunywa.

Kesi itasikilizwa baada ya Sikukuu. Nikisema kweli nitafungwa mimi, na Bibi hana mtu mwengine wa kumlisha wala kumgeuza. Nikinyamaza, atafungwa mtu kwa kazi ya mikono yangu. Na nisiwafiche jambo: Mbarouk naye alikuwepo barazani, naye alicheka. Ziko saa namwonea huruma, na ziko saa nasema akome.

Jana nilimwuliza Bibi, niseme au ninyamaze? Taya lake limefungwa kitambaa, hawezi kutamka. Akaligusa bakuli la uji, kisha akanyoosha kidole upande wa Chake. Alikuwa ananiuliza kama Khamis kala.

Nilitoka nje, nikalia. Wasomaji wenzangu, nyinyi munaojua sheria na munaomjua Mungu, niambieni: nisimame mbele ya hakimu, au nikae na bibi yangu? Nishaurini kabla ya Sikukuu.