Paka Niliyemweka kwa Memsahibu

Nimesikia watu wakisimulia kisa changu na kukiharibu. Ati niliiba paka wa mzungu. Sikuiba. Paka alikuwa wangu kabla memsahibu hajajua kama duniani kuna paka wa rangi ile. Meno yangu yamebaki machache lakini kichwa ni kizima, kwa hiyo wacha nikisimulie mwenyewe.

Alikuwa paka jike. Mgongo mweusi ti, kifua cheupe, miguu yote minne myeupe mpaka kwenye vifundo, na mstari mweupe uliopanda kutoka puani ukaishia katikati ya macho. Mama alimleta kutoka Silibwet ndani ya kikapu, akiwa bado hajui kunywa maziwa bila kutumbukiza pua. Sisi Wakipsigis kila ngozi ya ng'ombe tunaipa jina lake. Mweusi mwenye tumbo jeupe ana jina, mweusi mwenye mabaka ana lingine, mwenye mshipi kiunoni ana lake. Ngozi ya paka haina jina, maana nani aliwahi kujisumbua nayo? Mama alimtazama yule kiumbe akampa jina la ng'ombe mwenye rangi hiyo hiyo. Wanaume waliokuwa wakipita wakacheka sana. Walisema mjane huyu sasa ana ng'ombe wa kulala jikoni. Walicheka hivyo hivyo huku panya wakila wimbi lao, na letu likabaki salama ghalani.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya kijito. Upande wa pili palikuwa na shamba la chai, chai yenyewe bado changa, na mimi kila asubuhi nilivuka na kikapu mgongoni kwenda kuchuma. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa, mdomo wangu unajulikana. Nyapara hakunipenda, nami sikuwa nimemwomba anipende.

Kisha nzige wakaja. Sitaeleza sana, walioona wameona. Walishuka kwenye wimbi letu likiwa linakaribia kukomaa, na walipoinuka tulibaki na mabua. Tulikula akiba yote ya ghalani mpaka tukafagia sakafu yake. Ghala likiwa tupu, panya nao walihama, na paka wangu akaanza kukonda. Alikuwa anakuja kunitazama usoni kana kwamba nimeficha chakula mahali.

Wakati huo huo, nyumba kubwa ya meneja wa shamba ilikuwa inalia panya. Mpishi wao ndiye aliyeniambia. Alikuwa mtu wa ziwani, Mkristo, mtaratibu, akiniita dada tangu siku ya kwanza tulipokutana kijitoni. Alisema stoo ya memsahibu imejaa unga wa ngano na sukari, na panya wanafanya harusi humo, wanakula hata sabuni.

Basi nikafanya jambo ambalo kwetu mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Nyasi zikikuishia, unampeleka ng'ombe wako kwa mtu mwenye nyasi. Yeye anamchunga, anakunywa maziwa, samadi ni yake. Lakini ng'ombe ni wako, na ndama atakaowazaa ni wako, na siku utakayomhitaji unamfuata bila kuulizwa kwa nini. Hata mtoto wa miaka sita anajua hivyo. Kosa langu ni hilo moja tu: nilidhani mama mzima wa kizungu anajua kile anachokijua mtoto wa miaka sita.

Nilimpeleka mchana, kwenye baraza ya nyuma. Nilimwomba mpishi amfafanulie memsahibu kwa Kiingereza kwamba ninamweka paka wangu kwake. Panya ni wake, maziwa atampa, nami nitakuja kumchukua wimbi likirudi. Mpishi alisema yote, neno kwa neno. Memsahibu hakuwa anasikiliza. Alishamkumbatia paka kifuani, anamsemesha kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Akaniambia asante sana, akaingia ndani, akatoka na sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Niliipokea. Kwetu mtu unayemwekea ng'ombe hakuachi uondoke mikono mitupu. Ningejua ile sukari itakuja kusemwa kuwa ndiyo bei ya paka, ningeimwaga pale pale barazani kuku waile.

Mvua zikaja, tukapanda, tukapalilia. Paka akanenepa. Mpishi alikuwa ananiletea habari zake tukikutana njiani: amelala kwenye kiti cha bwana, amekula samaki, ameshika mimba. Baba wa hiyo mimba hatukumjua kwa hakika, ila kambi ya kiwandani ilikuwa na dume moja la kijivu, sikio limechanika, na kila mtu alikuwa na dhana yake. Akazaa watatu. Wote weusi kwa weupe kama mama yao, wenye mstari puani. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake kazaa mitamba mitatu.

Hapo ndipo kitabu kilipoingia. Memsahibu alikuwa ameagiza kutoka kwao kitabu cha paka, na siku moja alipokwenda kucheza tenisi mpishi akanionyesha kupitia dirisha la jikoni. Picha tupu. Kumbe wazungu nao wana majina ya ngozi, ila wao wanayaandika. Palikuwa na paka mweusi kwa mweupe mwenye manyoya marefu yanayofagia chini, uso umebonyea kama aliyekimbia akagonga mlango. Palikuwa na mwingine mweusi kwa mweupe asiye na mkia kabisa. Nikauliza nani amemkata, mpishi akasema hakukatwa, kwao kuna kisiwa paka wanazaliwa hivyo. Nilimhurumia. Halafu palikuwa na mwingine wa manyoya mafupi, mashavu kama ya mtu aliyemeza viazi viwili, kifua cheupe, miguu myeupe. Chini yake memsahibu alikuwa amepiga mstari kwa penseli.

"Anasema wako ndiye huyu," mpishi akaniambia.

Akaendelea kunieleza, taratibu, kwa sababu aliona nimeanza kupumua vibaya. Memsahibu alikuwa anawaambia wageni kwamba paka wa namna hii hazaliwi kwenye vibanda vya wenyeji. Lazima alipotea kutoka nyumba ya mzungu fulani, akaokotwa. Ni paka wa gredi, wa damu ya Ulaya kama ng'ombe wao wa maziwa. Ndiyo sababu marafiki zake wanawang'ang'ania watoto. Mmoja alikwisha kwenda Nakuru wiki iliyopita, na wawili wataondoka Jumamosi.

Gredi! Paka aliyezaliwa Silibwet, chini ya kitanda cha mama mmoja muuza tumbaku! Niliona hasira inanipanda kutoka miguuni. Angesema tu paka ni mzuri, anampenda, hataki kuachana naye, ningemwelewa. Hata mimi nilimpenda. Lakini kusema kitu kizuri hakiwezi kutoka kwetu mpaka kiwe kimepotea kutoka kwao, hapo sikukubali. Sikubali hata leo.

Tena nilimhitaji. Wimbi lilikuwa limerudi, tumevuna, ghala limejaa, na panya wamerudi nalo. Asubuhi ile ile mama alikuwa amefungua ghala akakuta maganda juu ya lile fungu tulilotenga kuwa mbegu. Tulijua njaa ilivyo. Mbegu ikiliwa, mwaka unaofuata tungekuwa tunafagia sakafu tena.

Kesho yake sikwenda kuchuma. Nilikwenda moja kwa moja baraza ya nyuma, nikaomba paka wangu na watoto wake. Memsahibu alishangaa kwanza, akadhani nimekuja kuomba sukari nyingine. Alipoelewa, uso ukawa mwekundu. Alisema nilimpa, na alinilipa. Akaingia akaleta kile kitabu, akakifungua, akaweka kidole juu ya yule mwenye mashavu.

"Huyu ya Ulaya," akasema. "Hapana ya wewe."

Nilimwangalia yule wa kwenye picha vizuri, nisije nikaambiwa sikutazama.

"Huyo wa kitabuni simdai, memsahibu," nikasema. "Ninamdai yule aliyelala kwenye kiti."

Alinifungia mlango. Nikakaa kwenye ngazi. Kesi ya ng'ombe kwetu haiendeshwi kwa kukimbia. Unakwenda kwa aliyewekewa, unakaa, na unaendelea kukaa. Jua likanipiga, nikakaa. Jioni nikarudi nyumbani, alfajiri nikarudi ngazini. Siku ya pili mama akaja na kigoda chake na kibuyu cha maziwa, akaketi kando yangu, kama aliyekuja kungoja mvua ikatike. Nyapara akatumwa. Akasema mistari yangu ya chai imepitiliza, majani yanakomaa, na asiyechuma atafutwa jina. Nikamwambia afute, na kama hajui jina langu liko wapi daftarini, nitamwonyesha. Mama akanifinya paja, lakini nilimwona anacheka.

Siku ya tatu, mchana, meneja mwenyewe akarudi kutoka kiwandani akiwa na njaa. Akakuta wanawake wawili ngazini, mke wake anasema kwa kasi, na chakula hakijatengwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, Kiswahili chake kizuri kuliko cha mkewe. Akamwita mpishi.

Mpishi akatoka na unga mikononi. Nataka mtu aelewe yule baba alikuwa anahatarisha nini. Alikaa kambini kwenye nyumba ya shamba, na kwao ziwani palikuwa na watoto wanne wanaoitegemea ile mikono yenye unga. Mimi nilikuwa na mama na ghala. Yeye neno moja tu lingemtoa jikoni, likamtoa na nyumbani. Sikuwa nimemwomba anishuhudie. Niliona haya hata kumtazama.

Meneja akauliza, kwa Kiswahili, sote tusikie, kama huyu mwanamke alitoa paka au hakutoa.

Mpishi alipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Hakumtoa, bwana," akasema. "Alimweka. Hata kwetu ziwani mtu huweka ng'ombe kwa mwenzake, na ng'ombe hageuki akawa wa mwenzake. Nilimweleza memsahibu siku ile ile."

Meneja akamgeukia mke wake. Memsahibu akajibu kwa Kiingereza, maneno mafupi, akaingia ndani, na mlango ukafanya kelele kwa niaba yake. Meneja akashusha pumzi. Akaniambia nichukue paka wangu niende, na nisikanyage tena chai yake.

"Na watoto," nikasema.

Akasema haya, chukua na hao wawili.

"Ni watatu, bwana."

Akasema wa tatu yuko Nakuru, amekwisha kupewa mtu. Nikamwambia aliyempa hakuwa na ruhusa ya kumpa, kwa hiyo arudishwe. Mama alikuwa ananivuta nguo. Meneja akaonyesha lango kwa kidole, akaenda kula.

Mpishi ndiye aliyenisaidia kuwatia kikapuni. Nikamwambia kama watamfukuza aje kwetu, wimbi lipo. Akatabasamu, akasema hawatamfukuza, maana memsahibu ameshindwa kumfundisha mtu mwingine yeyote kuoka mkate kwenye lile jiko. Na kweli alibaki, miaka mingi.

Sikupita njia ya nyuma. Nilipita katikati ya mistari ya chai, jua likiwaka, kikapu mgongoni, kichwa cha paka kimechomoza begani kwangu na kile kifua chake cheupe. Wachumaji wakasimama. Mama mmoja wa ziwani akapiga kigelegele, nyapara akamkaripia, akapiga cha pili. Nililia njiani, sioni aibu kusema. Nililia kwa furaha na kwa hasira pamoja, na kwa sababu kazi imekwisha.

Mbegu ilipona. Chai sikuchuma tena, nikaolewa upande wa Chebunyo, nikaenda na mmoja wa wale wawili kikapuni, na wakwe zangu wakazoea.

Watu waliniambia nimsahau yule wa tatu. Mama mwenyewe aliniambia. Nilimjibu kwamba ng'ombe aliyewekwa mbali hasahauliwi, na kila aliyekwenda Nakuru nilimwagiza aangalie. Wengi walicheka wakaenda zao. Lakini miaka ilipopita, kijana mmoja wa ukoo wa mume wangu, aliyekuwa akiendesha ng'ombe wa mzungu huko, alirudi akaja kuniona. Alisema ameona paka jike kwenye baraza ya nyumba moja, mweusi, kifua cheupe, mstari mweupe puani, amefungwa utepe shingoni. Tena wenye nyumba wanajisifu, wanasema ni wa gredi, kutoka Ulaya.

Nilimuuliza ana watoto. Akasema ndiyo, aliwaona wakinyonya, wanne.

Basi pamoja na mama yao ni watano, nikamwambia. Wote ni wangu.